Mlima, Mchanga na Mji: Mandhari ya Mwala Katika Picha Tangu 1937

Utangulizi

Neno mandhari limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na shina lake ni tendo la kutazama. Anayelitumia humtaja mtazamaji kabla ya kukitaja kinachotazamwa. Wachina hufanya kinyume. Jina lao la kale la picha za aina hii, shanshui, ni maneno mawili yaliyounganishwa, mlima na maji, na mtazamaji hatajwi. Tofauti hii ya msamiati ina uzito katika uhakiki. Inatukumbusha kwamba hakuna mlima unaojichora wenyewe. Kila picha ya nchi ina mtu aliyesimama mahali fulani, aliyeamua nini kiingie katika fremu na nini kibaki nje.

Eneo la Mwala, mashariki ya mji wa Machakos, ni mahali panapofaa kulichunguzia jambo hili. Ni nchi ya vilima, mabonde na mito ya msimu. Humo mna Masii, Mbiuni, Muthetheni, Kibauni na Wamunyu. Mvua zake ni za misimu miwili, na mara nyingi hazitoshi. Msafiri apitaye humo kuelekea Kitui huona miteremko iliyochanjwa mistari ya matuta kutoka juu hadi chini, na chini yake vitanda vya mito vilivyojaa mchanga au vilivyokwisha kuchotwa. Kwa macho ya haraka hiyo ni shamba tu, kinyume cha Nairobi.

Makala haya yanachunguza jinsi nchi hiyo ilivyotiwa katika picha, tangu kamera ya serikali ya kikoloni mwaka 1937 hadi sanaa ya video ya karne ya 21. Hoja inayotetewa ni kwamba mandhari ya Machakos haijatengana na mji tangu enzi ya ukoloni. Mji umo ndani ya mlima, na mlima umo ndani ya mji. Picha zilizoificha hali hiyo zilitumikia mamlaka, na wenyeji waliilipia gharama yake. Ili hoja ieleweke, uchambuzi unaanzia mbali kidogo, katika sanaa ya Kichina, ambako msanii mmoja wa video ameuchanganya mlima na mji kwa makusudi. Haidaiwi kwamba sanaa hiyo iliathiri ya Kenya. Inatumika hapa kama kioo cha kujitazamia.

Mlima wa wino na mlima wa maghorofa

Katika enzi ya Song, takriban miaka elfu moja iliyopita, uchoraji wa mlima na maji ulipanda hadi kilele chake. Picha ya Fan Kuan ya wasafiri kati ya milima na vijito, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kifalme mjini Taipei, ina urefu unaozidi mita 2. Jabali kubwa linajaza sehemu yake ya juu. Chini kabisa, padogo kiasi cha kupitwa na jicho, pana msafara wa wanyama wenye mizigo. Mchoraji aliyefuata, Guo Xi, ambaye mawazo yake yalikusanywa na mwanawe Guo Si, alifundisha kwamba mlima una umbali wa aina tatu: wa juu, anapouona mtu aliye chini akiinua macho, wa kina, anapopenyeza macho mbele ya mlima hadi nyuma yake, na wa bapa, anapotazama kutoka mlima ulio karibu hadi ile ya mbali. Picha moja iliweza kuwa na aina zote hizo, hivyo mtazamaji hakusimama pahala pamoja bali alisafiri ndani ya picha. Aidha, wasomi wa China waliandika mashairi juu ya picha zenyewe. Kwa sababu hiyo sanaa hii ni mali ya mhakiki wa fasihi kama ilivyo mali ya mhakiki wa uchoraji.

Yang Yongliang, aliyezaliwa mwaka 1980 katika kitongoji cha Jiading, Shanghai, alifunzwa uchoraji huo wa jadi tangu utotoni. Alikua wakati ambapo mji wake ulikuwa ukibomolewa na kujengwa upya kwa kasi kubwa. Kuanzia mwaka 2006, katika mfululizo aliouita Phantom Landscape, alianza kutunga kwa kompyuta picha ambazo kwa mbali ni milima ya enzi ya Song, yenye ukungu, maporomoko na misonobari. Mtazamaji akisogea karibu, hugundua kwamba hakuna mlima. Kila mpigo wa brashi ni ghorofa. Kila msonobari ni winchi ya ujenzi au nguzo ya umeme. Katika kazi zake za video, kama vile The Day of Perpetual Night ya mwaka 2012, picha hiyo inaanza kusogea: taa zinawaka katika miamba na magari yanapita mahali palipostahili kupita maji.

Mambo mawili yafaa kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba maana ya kazi hizi imo katika hatua za mtazamaji. Aliye mbali huona jadi, aliye karibu huona mji, na ukweli upo katika mwendo kati ya sehemu hizo mbili. La pili ni kwamba mbinu hii inategemea urithi. Kejeli ya Yang inafanya kazi kwa sababu hadhira yake inayajua maumbo ya Fan Kuan kama msomaji wa Kiswahili anavyozijua vina na mizani za utenzi. Fani ya zamani inapobebeshwa maudhui mapya, msomaji husikia sauti mbili kwa pamoja. Swali linalozuka ni hili: msanii wa Ukambani afanyeje ikiwa hakurithi picha ya mlima?

Urithi wa Wamunyu

Wamunyu inajulikana duniani kwa sanaa, lakini sanaa hiyo si ya mandhari. Historia ya uchongaji wa kibiashara wa Wakamba huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye katika Vita Vikuu vya Kwanza alifika Tanganyika, akaona kazi za wachongaji wa huko, na aliporudi akaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza. Kutoka kwake ujuzi ulienea kwa jamaa na majirani, kisha Nairobi, Mombasa na masoko ya ng'ambo. Vinyago vya Wamunyu ni twiga, tembo, kifaru, shujaa mwenye mkuki. Ni maumbo yaliyotolewa katika nchi yao na kusimamishwa peke yao juu ya meza ya mnunuzi.

Hata hivyo, mandhari imo katika vinyago hivyo kwa namna nyingine, nayo ni mti wenyewe. Mpingo na mhugu vilikatwa kwa wingi hadi wachongaji wakalazimika kuvifuata mbali zaidi na kujifunza kutumia miti mingine kama mjakaranda. Twiga wa mpingo aliyesimama katika sebule ya Ulaya ni kipande cha mwitu kilichosafirishwa kwenda mjini. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye mchanga. Kwa sasa inatosha kusema kwamba urithi wa kwanza wa picha za milima ya Machakos, uliokusanywa kwa mpango na kuhifadhiwa, hautoki kwa mchongaji wala mchoraji. Unatoka kwa afisa mwenye kamera.

Kamera ya 1937

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilishikwa na hofu juu ya mmomonyoko wa udongo katika Hifadhi ya Machakos. Ukame na nzige vilikuwa vimeiathiri nchi, na wataalamu, akiwemo Colin Maher aliyesimamia kazi ya kuhifadhi udongo, waliandika ripoti zenye lugha kali kuhusu ardhi iliyokuwa ikielekea kuwa jangwa. Mwaka 1937 R. O. Barnes alipiga picha za maeneo kadhaa ya wilaya hiyo kama ushahidi. Zinaonyesha miteremko iliyovuliwa majani, makorongo yaliyopasua mabonde, na udongo mtupu.

Picha hizo hazikudanganya kuhusu kilichokuwa mbele ya lenzi. Mmomonyoko ulikuwepo. Lakini zikisomwa kama matini, zina mbinu yake. Zina umbali mmoja tu, ule wa mkaguzi aliyesimama ng'ambo ya bonde. Hazina wakati, kwa maana haziwezi kuonyesha nchi ilikuwaje kabla. Zaidi ya yote, mipaka ya fremu inaacha nje mipaka ya ardhi. Vilima vya Mua vilikuwa mikononi mwa walowezi, na malisho ya Yatta yalikuwa yametangazwa kuwa ardhi ya serikali, ambamo Wakamba hawakuruhusiwa kulisha watakavyo. Mwaka 1932 wilaya ilikuwa na watu wapatao 240,000 waliobanwa na mifugo yao ndani ya mstari uliochorwa ofisini. Mstari huo hauonekani katika picha ya korongo. Kinachoonekana ni athari bila sababu, na mtazamaji anaachiwa ajaze sababu mwenyewe: ng'ombe ni wengi mno, na wenye ng'ombe ni wajinga.

Hukumu ilifuata. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Chini ya chama cha Ukamba Members Association, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, maelfu ya Wakamba, wake kwa waume, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi na kupiga kambi humo kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu; lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kupunguza mifugo kwa nguvu. Leo jina lake limo katika mtaa wa katikati ya Nairobi.

Maandamano hayo yana maana ya ziada kwa mada hii. Watu walioachwa nje ya fremu, au waliochukuliwa kuwa kosa ndani yake, walishuka kutoka milimani na kujiweka mbele ya macho ya mji. Picha ilikuwa imesema kwamba tatizo liko huko mbali. Waandamanaji walisema kwa miguu yao kwamba tatizo liko Nairobi, mahali ambapo mipaka ilichorwa na bei ya ng'ombe ikapangwa.

Fremu mbili

Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi Machakos kuchunguza mabadiliko ya wilaya tangu 1930. Masii, katika eneo la Mwala, ilikuwa mojawapo ya sehemu walizozichunguza kwa karibu. Kitabu chao, More People, Less Erosion, kilichapishwa mwaka 1994. Miongoni mwa mbinu zao ilikuwa kutafuta mahali aliposimama Barnes na kupiga picha zile zile tena. Matokeo yaliwashangaza wengi. Idadi ya watu ilikuwa imezidi mara tano na kukaribia milioni 1.4 katika sensa ya 1989, na bado miteremko iliyokuwa mitupu mwaka 1937 ilikuwa na matuta, miti na mimea.

Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja zinakuwa filamu fupi kuliko zote: fremu mbili, na katikati yake nusu karne. Kilichokosekana katika picha ya Barnes, yaani wakati, sasa kimeingia. Na kwa kuwa wakati umeingia, kazi imeingia pia, maana tuta halijijengi. Katika miaka ya 1940 lilichimbwa kwa amri na watu walilichukia. Kuanzia miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi, vililifanya kuwa kazi yao wenyewe. Mkulima huchimba mfereji kufuata usawa wa mteremko na kuurusha udongo upande wa juu, na kwa miaka kadhaa mteremko hujigeuza ngazi. Mbinu hiyo iliitwa kwa Kiswahili fanya juu, na jina hilo limeingia katika vitabu vya kilimo vya lugha nyingi bila kutafsiriwa. Kama mlima wa Fan Kuan umetengenezwa kwa mipigo ya brashi, mlima wa Masii umetengenezwa kwa mipigo ya jembe. Aliye ng'ambo ya bonde huona mistari ya kupendeza. Aliye karibu huona migongo iliyoinama.

Hapa pia mji unajitokeza. Matuta yalihitaji fedha za majembe, mbegu, ng'ombe wa kukokota plau na vibarua, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa mishahara ya jamaa waliofanya kazi Nairobi na Mombasa. Uchunguzi wa John Murton huko Mbooni, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha upande wa pili wa sifa hizo: familia zilizokuwa na mshahara wa mjini zilistawisha ardhi na kununua zaidi, na zisizokuwa nao zilibaki nyuma. Basi hata picha ya pili, ile ya ushindi, ina kitu nje ya fremu. Mlima wa kijani wa 1991 umejengwa kwa sehemu na mji. Tungeusogelea kama tunavyousogelea mlima wa Yang Yongliang, ndani ya tuta tungeikuta ofisi, bandari, karakana na chumba cha kupanga cha Eastlands.

Mto unaohamia mjini

Uhusiano huo una mwelekeo wa pili. Nairobi ya saruji haijengwi bila mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga huo hutoka katika vitanda vya mito ya Ukambani. Katika mito ya msimu mchanga ni ghala la maji. Mvua ikiisha na uso wa mto ukikauka, maji hubaki chini, na wanawake huchimba visima vifupi kuyafikia. Malori yanapoubeba mchanga hadi mwamba kujitokeza, ghala hilo huvunjika. Kingo huporomoka na visima vya jirani hukauka. Biashara hiyo pia huwapa vijana wasio na kazi ujira wa siku kwa kupakia malori, hivyo mgogoro umo ndani ya kijiji na hata ndani ya nyumba moja. Umewahi kugharimu maisha ya watu. Mamlaka ya taifa ya mazingira ilitoa mwongozo wa uchimbaji mchanga mwaka 2007, na Kaunti ya Makueni ikatunga sheria yake mwaka 2015.

Kwa mhakiki wa picha, jambo hili ni la ajabu. Yang Yongliang alihitaji kompyuta ili kuufanya mlima kwa maghorofa. Katika Ukambani ghorofa limefanywa kwa mto, tena si kwa istiari. Mchanga uliokuwa chini ya miguu ya mchota maji sasa umo katika nguzo ya ghorofa la kumi. Fasihi ya Kenya ilimwona mjenzi mapema: riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road, iliyotoka mwaka 1976, inafuata vibarua wanaolijenga jumba refu la Nairobi wasiloweza kuishi ndani yake. Kinachobaki kufanywa na wasanii ni kurefusha fremu hiyo hadi kwenye mto lilikotoka lori.

Kinyume chake, picha za kompyuta zinazotangaza miji mipya hufupisha fremu. Mradi wa Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa mwaka 2013 katika ekari 5,000 za uliokuwa mfugo wa Malili, ulijulikana kwa umma kwanza kwa picha za namna hiyo: minara ya vioo ikichipuka katika uwanda wa nyasi. Kwa sura ya nje zinafanana na kazi za Shanghai, kwa sababu mji na nchi vimewekwa pamoja kwa kompyuta. Kwa maana zinatofautiana kabisa. Mlima wa Yang unamlazimu mtazamaji aulize umejengwa kwa nini. Mnara wa tangazo unasimama bila mchanga, bila kibarua na bila mfugaji. Uwanda unaonyeshwa mtupu, kama vile mteremko wa 1937 ulivyoonyeshwa mtupu; tofauti ni kwamba wa kwanza ulisubiri kuokolewa na afisa na wa pili unasubiri mwekezaji.

Venice: mlima na banda la nani?

Suala la nani anayeichora nchi lilifikia jukwaa la dunia katika maonyesho ya Biennale ya Venice. Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya lilijaa zaidi wasanii wa Italia na China. Mmoja wa Wakenya wachache waliokuwemo alikuwa Kivuthi Mbuno, Mkamba aliyezaliwa Mwingi mwaka 1947, ambaye kabla ya kuwa msanii alifanya kazi ya upishi katika safari za watalii. Michoro yake ya wino na penseli za rangi ni miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi ya mandhari iliyochorwa na Mkamba: vilima vya mviringo, wanyama na watu wenye miili iliyorefuka, wote wakikaa katika ardhi moja bila mmoja kuwa mandharinyuma ya mwingine. Hakuna ng'ambo ya bonde katika michoro hiyo. Mchoraji yumo ndani ya nchi yake. Kwamba kazi kama hiyo iliwekwa pembeni katika banda la nchi yake ni kejeli iliyojitunga yenyewe.

Mwaka 2015 mpango kama huo uliporudiwa, wasanii wa Nairobi, Michael Soi akiwa miongoni mwa waliopaza sauti, walipinga hadharani, na Waziri wa Utamaduni Hassan Wario akalikana banda hilo. Ubishi wao haukuwa juu ya uraia wa rangi na brashi. Msanii wa China ana haki ya kuonyesha popote. Walichokataa ni jina la nchi kutumika kama fremu tupu ambayo yeyote mwenye fedha anaweza kuijaza. Ni pingamizi la aina moja na la 1938, ingawa safari hii lilihusu ukuta wa maonyesho, si zizi la ng'ombe. Kenya iliwakilishwa na wasanii wake katika banda la mwaka 2017.

Katika maonyesho makuu ya mwaka huo huo wa 2015, yaliyoandaliwa na Okwui Enwezor, Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, alionyesha video iitwayo The End of Carrying All, yaani mwisho wa kubeba vyote. Kazi hiyo huonyeshwa kwa skrini tatu zilizopangwa kama uwanda mmoja mrefu. Mwanamke, ambaye ni msanii mwenyewe, anatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine akiwa na kikapu kichwani. Kila anapoendelea, mzigo unaongezeka. Vitu vya mji, yakiwemo majengo, vinarundikana juu ya kichwa chake. Mgongo unapinda, hatua zinakuwa nzito, na hatimaye mwanamke na mzigo wanakuwa donge moja linalomezwa na ardhi.

Kazi hii ndiyo jibu la Afrika Mashariki lililo karibu zaidi na swali la Shanghai, ingawa haikuandikwa kama jibu. Msafara mdogo wenye mizigo, ulioachwa chini ya jabali la Fan Kuan, hapa umekuwa ndio picha. Mutu hakurithi umbo la mlima wa kulipindua. Alichorithi ni umbo la mwanamke aliyebeba, linaloonekana katika kila kijiji cha Ukambani, katika kadi za posta na katika vinyago vya sokoni. Analichukua umbo hilo lililochoka na kulirudishia wakati na uzito. Katika video ya Yang mji umejificha ndani ya mlima; katika video ya Mutu mji uko juu ya kichwa cha mtu. Ndiyo hali ya Machakos: mji unabebwa, na anayeubeba ana jinsia.

Kamera inaposhuka mlimani

Hatua ya mwisho ya historia hii haikufanywa na msanii wa jumba la maonyesho. Ng'ambo ya Mto Athi, katika eneo la Mutomo la Kitui, mkulima Kisilu Musya alipewa kamera na mtengenezaji filamu wa Norwei, Julia Dahr, akaanza kurekodi shamba lake, familia yake na mvua. Walifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na filamu iliyotokana nayo, Thank You for the Rain, ilionyeshwa mwaka 2017. Inamfuata kutoka ukame na dhoruba za kwao hadi mkutano wa dunia kuhusu tabianchi mjini Paris mwaka 2015.

Filamu hiyo ni ya uhalisia na haina mapambo ya kompyuta, lakini inakamilisha mzunguko ulioanza 1937. Barnes alisimama ng'ambo. Kisilu amesimama ndani ya shamba, na mkono unaoishika kamera ndio ule ulioshika jembe. Mmomonyoko unaoonekana humo hauhusishwi tena na ujinga wa mkulima. Sababu imo ndani ya fremu, kwa kuwa filamu inasafiri hadi kwenye kumbi ambako nchi zenye viwanda zinajadiliana. Kama waandamanaji wa 1938, anashuka na kuupeleka mteremko wake mbele ya mji.

Hitimisho

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitenga shamba na mji, na mara nyingi kuipa kila mmoja tabia yake: shamba lina utu na jadi, mji una upotovu na usasa. Historia ya picha za Mwala inaonyesha kwamba mgawanyo huo haustahimili uchunguzi wa karibu. Tuta la Masii lina mshahara wa Nairobi ndani yake, na ghorofa la Nairobi lina mto wa Ukambani ndani yake. Barabara ya juu iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kufunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27, inaanzia Mlolongo, ndani ya Kaunti ya Machakos. Mji wenyewe umeshavuka mpaka.

Mafunzo ya Guo Xi kuhusu umbali yanaweza kumfaa mhakiki wa huku. Picha yoyote ya nchi, iwe ya afisa, ya mwekezaji au ya msanii, iulizwe: mtazamaji amesimama wapi, anaruhusiwa kusogea hadi wapi, na akisogea atakuta kazi ya nani? Maswali haya hayaishii darasani. Mwaka 1938 picha iliyotazamwa kwa umbali mmoja ilikaribia kuwapokonya watu ng'ombe wao. Mito ya Mwala bado inachotwa, na anayeamua kama kitanda cha mto ni ghala la maji au ni malighafi ya ujenzi huanza kwa kuamua picha yake ionekane vipi.